Homojenaiza ya Altrasoniki: Sauti Inayovunja na Kuchanganya

Mwambie mtahiniwa wa kidato cha nne ataje matumizi ya mawimbi altrasoniki. Mara nyingi atataja matatu: kumpima mama mjamzito, kupima kina cha bahari, na popo anayewinda gizani. Yote ni sahihi, lakini yote ni ya ukoo mmoja. Wimbi linatumwa, linagonga kitu, mwangwi unarudi na habari. Sasa swali likitaka matumizi yasiyohusu mwangwi, wengi hubaki wanatafuna kalamu. Katika mada hii tunaangalia ukoo wa pili, ambamo wimbi halitumwi kuleta habari bali kufanya kazi: kupasua, kusaga na kuchanganya. Kifaa chake kinaitwa homojenaiza ya altrasoniki.

Kumbuka kwanza kwamba sikio la binadamu husikia masafa ya kati ya hezi 20 na hezi 20,000. Mawimbi ya sauti yenye masafa yanayozidi hapo ndiyo altrasoniki. Homojenaiza nyingi za maabara hufanya kazi karibu na kilohezi 20, yaani pale pale mpakani. Mashine ya altrasaundi ya hospitali hutumia masafa makubwa zaidi, mamilioni ya hezi, lakini kwa nguvu ndogo ili isimdhuru mtoto. Usichanganye masafa makubwa na nguvu kubwa. Ni vitu viwili tofauti.

Kifaa chenyewe

Umeme wa ukutani hapa kwetu una masafa ya hezi 50. Sehemu ya kwanza ya kifaa huubadili uwe wa hezi 20,000 hivi. Umeme huo hupelekwa kwenye fuwele maalumu. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques Curie na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa chaji za umeme. Kinyume chake pia ni kweli: fuwele ikipewa umeme hurefuka na kufupika. Ukiipa umeme unaogeuka mara 20,000 kwa sekunde, itatikisika mara 20,000 kwa sekunde. Kwa hiyo nishati ya umeme imekuwa nishati ya mtikisiko.

Mtikisiko wa fuwele ni mdogo mno, ndiyo maana huunganishwa na fimbo ya chuma, mara nyingi titani, iliyo nene juu na nyembamba kuelekea ncha. Wembamba huo huongeza amplitudi. Hata hivyo ncha husogea kwa makumi ya mikromita tu, kiasi cha unene wa unywele. Mara ya kwanza kukiona kifaa hiki, nikiwa chuoni, nilidhani kimeharibika, kwa sababu ncha ilionekana imetulia kabisa. Ilipozamishwa majini, ukungu mweupe ulitoka nchani kama moshi.

Viputo ndivyo vinavyofanya kazi

Ukungu ule ulikuwa viputo, na hapa ndipo kiini cha mada kilipo. Sauti husafiri kwa migandamizo na mitanuko. Kwenye mgandamizo kanieneo ya kimiminika huongezeka; kwenye mtanuko hupungua. Umeshajifunza kwamba maji huchemka kwa jotoridi dogo kanieneo inapopungua, na kwamba juu ya Mlima Kilimanjaro maji huchemka kabla ya kufikia 100°C. Mtanuko mkali hushusha kanieneo kiasi kwamba viputo hutokea ndani ya maji ambayo hayajapashwa moto. Sekunde ndogo sana baadaye mgandamizo unafuata na kuviponda.

Kiputo kinapopondwa, maji ya pande zote hukimbilia katikati. Gesi iliyomo ndani hubanwa ghafla, na jotoridi lake hupanda hadi maelfu ya digrii kwa muda usiofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Bika halilipuki kwa sababu kiputo ni kidogo mno na joto hilo humezwa mara moja na maji yanayokizunguka. Lakini chochote kilicho jirani hupata kipigo.

Wahandisi wa meli Uingereza walikutana na jambo hili mwishoni mwa karne ya 19, walipoona rafadha zinazozunguka kwa kasi zinazalisha viputo na kupoteza nguvu. Mwaka 1917 Lord Rayleigh alikokotoa kanieneo inayotokea kiputo kinapopondeka. Kisha mwaka 1927 Robert Wood na Alfred Loomis wa Marekani walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa sauti kali ya masafa makubwa huweza kuchanganya mafuta na maji na kuua viumbe wadogo.

Maabarani

Mtafiti anayetaka kimeng'enya kilichomo ndani ya bakteria lazima kwanza apasue ukuta wa seli. Bakteria ana urefu wa mikromita chache. Huwezi kumtwanga kwenye kinu. Viputo vinaweza. Fimbo huzamishwa kwenye neli yenye bakteria waliochanganywa na maji ya chumvi, kifaa huwashwa, na seli hupasuka na kumwaga vilivyomo. Kifaa hicho hicho hukata nyuzi ndefu za DNA kuwa vipande vifupi, na hutenganisha chembe za udongo zilizoshikamana kabla ya kuzipima ukubwa.

Utasikia kwamba neli huwekwa kwenye barafu na kifaa huwashwa kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko. Kwa nini? Tukokotoe.

Mfano: Kifaa kinaingiza wati 100 kwenye gramu 50 za maji kwa sekunde 60. Jotoridi la mwanzo ni 25°C. Tafuta jotoridi la mwisho, ukichukulia nishati yote inakuwa joto na hakuna linalopotea. (Joto mahususi la maji ni 4200 J/kg°C.)

Nishati = 100 × 60 = 6000 J
Ongezeko la jotoridi = 6000 ÷ (0.05 × 4200) = 28.6°C
Jotoridi la mwisho = 25 + 28.6 = 53.6°C

Kwa vimeng'enya vingi hilo ni joto la kuviharibu. Mwenzangu chuoni alisahau barafu, akapata neli iliyojaa protini zilizoganda kama ute wa yai lililochemshwa. Kazi ya wiki nzima ilimwagwa.

Viwandani

Tikisa mafuta na maji ya ndimu kwenye chupa. Vinachanganyika, kisha baada ya dakika chache mafuta yanapanda juu. Matone makubwa hupanda haraka. Kasi ya kupanda huendana na mraba wa kipenyo, hivyo tone la mikromita 1 hupanda polepole mara 100 kuliko la mikromita 10. Ukilivunja tone la mikromita 10 kuwa matone ya mikromita 1 unapata 1000, na jumla ya eneo la uso huongezeka mara 10. Losheni na dawa za maji hutegemea hilo zisijitenge kwenye chupa. Rangi za kuta nazo zinahitaji poda yake isishikamane mabonge. Katika utengenezaji wa dizeli ya mimea, mafuta na methanoli havichanganyiki kwa hiari. Eneo la uso likiongezeka, mmenyuko huenda haraka.

Usiandike kwamba maziwa ya paketi hutengenezwa kwa altrasoniki. Njia ya kawaida ya viwanda vya maziwa ni kuyasukuma kwa kanieneo kubwa kupitia upenyo mwembamba. Fimbo ya altrasoniki ina udhaifu wake: kipigo hakifiki mbali na ncha, na titani huliwa kidogo kidogo na viputo vile vile, chembe zake zikibaki kwenye mchanganyiko.

Swali la kujipima

(a) Kasi ya sauti majini ni 1500 m/s. Tafuta urefu wa wimbi la kilohezi 20.
(b) Anayetumia homojenaiza ya kilohezi 20 huvaa kinga ya masikio, ingawa sauti hiyo iko kwenye mpaka wa usikivu. Eleza.

Majibu: (a) 1500 ÷ 20,000 = 0.075 m, yaani sm 7.5. (b) Viputo vinapopondeka hutoa kelele za masafa madogo kuliko ya kifaa. Hizo husikika, ni kali, na huweza kuumiza masikio.