Gari la Umeme Kandokando ya Bahari

Gari moshi twalijua, lakini tramu wengi wetu twaisikia tu. Ni gari la abiria lipitalo juu ya reli zilizolazwa katika barabara ya mji. Mombasa nako, mwanzoni mwa karne ya ishirini, palikuwa na vigari vya reli, ila vilisukumwa na watu kwa mikono. Mimi nataka kueleza habari za tramu ya Blackpool, mji wa Uingereza ulio pwani, ambako watu huenda kupumzika wakati wa likizo.

Tramu hiyo ilifunguliwa tarehe 29 Septemba, 1885, nayo ilikuwa ya kwanza ya umeme kupita katika barabara za mji nchini humo. Fundi wake, Michael Holroyd Smith, hakutundika waya juu ya nguzo. Alitengeneza mfereji mwembamba katikati ya reli, akatia shaba ndani yake. Chini ya gari palikuwa na mkono uliopenya katika ufa wa mfereji, ukagusa shaba na kupokea umeme.

Shauri hili lilikuwa zuri, lakini si kwa mahali pale. Upepo ulijaza mchanga katika mfereji, na bahari ilipochafuka mawimbi yalirukia barabara. Maji ya mvua hupitisha umeme kidogo tu, bali maji ya chumvi huupitisha upesi sana. Basi umeme uliokusudiwa kwenda garini ulipotelea ardhini. Nashangaa kwamba walivumilia miaka 14! Mwaka 1899 wakauacha mfereji, wakatumia waya wa juu.

Kampuni nyingine ilikuwa imekwisha kujenga njia ya kwenda Fleetwood mwaka 1898, na mwaka 1920 mji ukainunua. Sasa njia nzima ni kama maili 11.

Baadaye mabasi yalizishinda tramu za Uingereza. London iliziondoa mwaka 1952, Glasgow mwaka 1962. Blackpool nao uliziacha njia zake za mitaa ya ndani, lakini ya pwani ikabaki. Kwa nini? Sehemu yake kubwa ina nafasi yake yenyewe, haisongwi na motokaa, na wageni wa likizo huzijaza gari. Mwaka 2012 ilifunguliwa tena baada ya kutengenezwa upya, ikapewa magari mapya. Nayo hupata umeme katika waya wa juu.