Masalia ya Mpingo Yageukapo Hereni

Kinyago kikishakamilika katika banda la wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, chini hubaki rundo la vipande: vingine vyeusi ti, vingine vina ukanda wa rangi ya maziwa pembeni, ambao ni tabaka changa la mti. Vingi huishia motoni. Vichache vyenye bahati hugeuzwa hereni, pete na shanga.

Kuvichoma ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana. Mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, hukua taratibu mno. Kufikia unene wa kuvunwa huchukua takriban miaka 70 hadi 100. Shina lenyewe aghalabu limepinda, lina mifereji, na ndani pengine kuna uwazi. Viwanda vinavyopasua magogo kwa ajili ya klarineti na obo, ala zinazodai mbao isiyo na dosari hata chembe, mara nyingi hupata chini ya asilimia 10 ya gogo. Sonara wa mbao hana masharti hayo. Fundo linalomtia hasara mtengenezaji wa klarineti ndilo urembo wa hereni.

Udogo nao una faida yake. Mbao inapokauka husinyaa, tena husinyaa karibu maradufu kufuata mviringo wa shina kuliko kuelekea kiini. Gogo nene hukauka nje kwanza huku ndani kungali na unyevu, likavutana lenyewe hadi kupasuka. Kibao chenye unene wa milimita tatu hukauka karibu kwa pamoja, kwa hiyo nyufa huwa chache.

Pete ndiyo mtihani. Fundi akitoboa tundu kwenye kibao kimoja na kuchonga pembeni, nyuzi za mti zitaizunguka vizuri pande mbili tu. Pande mbili zilizobaki zitakatwa kimkingamo, na hapo ndipo pete hukatika ikidondoka sakafuni. Dawa ni kugundisha vibao viwili vyembamba, nyuzi za kimoja zikipishana na za kingine, kama ilivyo kwenye plaiwudi. Lakini mpingo una mafuta yanayoikataa gundi, basi uso hufutwa kwanza kwa spiriti na kuunganishwa papo hapo.

Mnunuzi mwenye shaka kama ni mpingo kweli na aombe kipande cheusi na glasi ya maji. Mita moja ya ujazo ya kiini cha mpingo huwa na zaidi ya kilo 1,200. Ya maji ni kilo 1,000. Mpingo huzama. Mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu utaelea, hata ung'ae vipi.

Vumbi la mpingo si la kuchezea: huwasha ngozi na macho, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao kwa jumla katika kundi la visababishi vya saratani. Barakoa, na msasa wa maji, ni lazima.

Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo iko chini ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Hata hivyo, bidhaa zilizokamilika zenye mti usiozidi kilo 10 kwa shehena hazihitaji kibali cha mkataba huo, ingawa sheria za nchi husika zinabaki palepale. Jozi ya hereni za sentimita tatu ina gramu tano hivi. Kilo 10 ni kama jozi 2,000.