Siku Thelathini za Kipande

Washauri wa biashara za kimataifa wamezoea kueleza tofauti za utamaduni kwa mambo ya mlangoni: nani asalimiwe kwanza, kadi ipokelewe kwa mkono gani, kikao kianze kwa soga au kwa ajenda. Hayo mgeni hujifunza kwa wiki moja. Ugomvi unaokula fedha hukaa ndani zaidi, kwenye swali ambalo pande mbili hutia saini bila kuulizana: mwajiri ananunua saa za mtu, au kazi yake? Mashamba ya mkonge ya Tanga na Pangani yanalijibu kuliko kitabu chochote cha mwongozo, kwa sababu huko jibu liliandikwa kwenye kadi na kutiwa alama siku baada ya siku.

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyopona safari, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mmea ulistawi, watu wakakosekana. Mwenye shamba alikuja na hesabu ya kwao: mtu akiandikwa kazi tarehe mosi, mwezi mzima ni wa mwajiri. Wenyeji nao walikuwa na makonde yao ya kupalilia, misiba ya kuhudhuria na masika yasiyomngoja mtu. Kilichotokea kati ya hesabu hizo mbili ni kipande, kadi ya siku 30. Mkataji akimaliza ngwe yake ya siku, karani alitia alama moja. Siku asiyotokea haikuhesabiwa wala haikulipwa. Alama zikitimia 30 ndipo ujira ulipotoka, hata kama kalenda ilikwishaingia mwezi wa pili. Ngwe yenyewe ilipimwa kwa mizigo, kila mzigo majani 30, na aliyeanza alfajiri aliweza kuimaliza kabla jua halijakolea, akashika njia ya kwake. Korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, ilipata majani yake. Mkataji akabaki na kauli juu ya siku zake.

Mwanahistoria atanikatiza hapa, na ana haki. Watu hawakwenda mkongeni kwa hiari tupu: kodi ya nyumba ilianza kudaiwa mwaka 1898, na ililazimisha wengi kutafuta fedha. Mwanahistoria John Iliffe ameeleza jinsi ilivyokuwa Usambara mwaka 1907, pale serikali ya wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, ilipomgawia kila mwanamume mwenye nguvu kadi ya kumfanyia Mzungu kazi siku 30 kila miezi minne, la sivyo apelekwe kwenye kazi za serikali. Isitoshe, kuzuia ujira mpaka alama zitimie kulimfaa sana mwenye shamba; mtu mwenye alama 22 haondoki kirahisi. Yote hayo ni kweli. Lakini mabavu yanaeleza kwa nini watu walikwenda shambani. Hayaelezi kwa nini dola yenye viboko na askari ilikubali kuhesabu siku zilizofanyiwa kazi badala ya siku zilizopita. Hata amri ile kali ya Usambara iliomba siku 30 tu katika miezi minne. Waingereza walipoitwaa nchi, kipande waliendelea nacho.

Wenye mashamba walikuwa na neno jepesi zaidi, uvivu, na warithi wao wa leo wanalisema kwa takwimu. Mtafiti wa Kiholanzi Geert Hofstede alipima tabia za mataifa kwa majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM ya kati ya 1967 na 1973, na katika jedwali lake Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zimefungwa pamoja kama nchi moja. Sijui meneja anayefika shamba la mkonge la Ngomeni afanye nini na alama ya namna hiyo. Mwanahistoria wa Kiingereza E. P. Thompson, akiandika mwaka 1967, alionyesha kwamba mafundi wa Uingereza kabla ya viwanda walipima muda kwa kazi, na Jumatatu wengi wao hawakuonekana. Na manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mikoa ya mbali, hasa baada ya Silabu, ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge, kuundwa mwaka 1944, hawakuwa na konde la kukimbilia ngwe ikiisha. Kwao kadi ileile ilikuwa na uzito mwingine. Tabia ya kazi hufuata mahali mtu anapopata chakula chake, na hilo halimo katika jedwali la mataifa.

Swali lilelile limerudi Tanga. Chongoleani, kwenye pwani yake, ndiko linakoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ambamo TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, CNOOC ya China 8, na mashirika ya taifa ya Uganda na Tanzania 15 kila moja. Mhandisi atasema matangi hayaendeshwi kwa ngwe, lazima mtu awepo usiku hata kama hakuna cha kufanya. Ni kweli, na zamu hiyo ni saa zinazonunuliwa. Kufyeka njia au kuchimba mtaro ni suala jingine, kwani mita zinahesabika. Kinacholeta shari ni kuchanganya viwili hivyo katika mkataba mmoja: vibarua wamemaliza mtaro wao saa tano, wanataka kuwahi msikitini kwa sala ya Ijumaa, na msimamizi ameshika daftari la mahudhurio linaloishia saa kumi.