Ndizi za Uganda na za Kenya: Nani Husindika Nyingi?



Sisi tunaotembelea vikundi tumeulizwa swali hili mara nyingi. Kusindika ni kugeuza mazao yawe kitu kinachokaa au kinachopata bei zaidi: unga, krispi, juisi, hata pombe. Swali lina uzito, maanake kuna vikundi vinavyotaka kukopa pesa za mashini ya kukausha ndizi kwa kusikia tu kwamba "Uganda wanafanya." Basi tuliangalie polepole.

MAVUNO SI USINDIKAJI

Kwa mavuno Uganda wametupita mbali. Sensa yao ya kilimo ya 2008/09 ilihesabu zaidi ya tani milioni 4. Kenya huvuna zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka, katika sehemu kama Meru, Kirinyaga, Murang'a, Kisii na Taita Taveta. Lakini ndizi nyingi za Uganda ni matoke. Humenywa, hupikwa na huliwa siku hiyo hiyo. Kwetu pia nyingi huishia kwenye sufuria, au huuzwa sokoni zikiwa mbivu. Kwa hivyo wingi wa mikungu shambani hauonyeshi wingi wa unga au juisi.

Tena, katika hesabu za FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ndizi za kupika huandikwa safu yake na ndizi nyingine safu yake. Matoke ya Uganda yako katika safu ya kupika. Anayesoma ile safu nyingine peke yake ataona ati Kenya ndiyo yenye ndizi nyingi!

TUNAHESABU NINI?

Tangu 2005 Serikali ya Uganda imekuwa na mradi wa kusindika matoke huko Bushenyi, ambapo hutengenezwa unga. Hapo kuna mizani na karani. Lakini kuna usindikaji wa zamani usio na kiwanda. Ndizi mbivu za aina ya mbidde hukandwa pamoja na nyasi mpaka juisi itoke. Juisi hiyo ikitiwa mtama uliokaangwa, baada ya siku chache ni pombe wanayoiita tonto. Nani huandika lita hizo? Ukiihesabu pombe ya nyumbani, Uganda iko mbele sana. Ukihesabu viwanda tu, pengo hupungua. Kwetu pia, akina mama wanaokaanga krispi jikoni na kuuza barabarani hawaandikwi popote.

KILO ZA KUINGIA NA KILO ZA KUTOKA

Hapa ndipo wengi hukosea. Chukua kilo 100 za ndizi mbichi, bila kikonyo cha mkungu. Ukimenya, maganda huondoka na kama kilo 40. Kilo 60 zinazobaki ni maji karibu robo tatu. Ukizikausha na kusaga, unapata unga wa kilo 15 hivi. Kwa hiyo nchi moja ikisema "tumesindika tani 100 za ndizi," na nyingine iseme "tumetoa tani 15 za unga," zimefanya kazi sawasawa! Ukilinganisha, linganisha ndizi na ndizi, unga na unga.

KABLA YA KUCHUKUA MKOPO

Sasa turudi nyumbani. Gunia moja la unga la kilo 90 linataka kilo 600 za ndizi. Kwa mikungu ya kilo 25, hiyo ni zaidi ya mikungu 24. Tuseme kwa mfano kilo ya ndizi ni shilingi 20. Ndizi peke yake ni shilingi 12,000, yaani kama shilingi 133 kwa kila kilo ya unga. Bado hujalipa kuni au stima, kusaga, mifuko na jasho la wanachama. Na mnunuzi ataulinganisha unga wako na wa mahindi ulio hapo kando dukani.

Kumbukeni pia mnyauko wa ndizi unaoletwa na bakteria. Ulionekana Uganda mwaka 2001 na Kenya mwaka 2006, na huko Uganda ndizi za pombe ziliumia sana. Mgomba ukifa, mashini hulala lakini deni halilali.

Si kwamba tunawakataza kusindika. Anzeni na kilo 20, pimeni kinachoingia na kinachotoka, andikeni kwenye daftari, kisha mtafute wanunuzi. Mashini ifuate soko.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Wanachama wetu wote pamoja huvuna mikungu mingapi kwa mwezi, hata wakati wa kiangazi?
2. Ni nani hasa atanunua unga au krispi zetu, na kwa bei gani?
3. Tukiuza ndizi mbichi kwa kupima kilo, badala ya dalali kukadiria mkungu kwa macho, tutapata kiasi gani bila mkopo wowote?