Masika: Kinga Miche ya Ndani Isioze

Mkaazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe asiye na shamba anaweza kuotesha miche ya mchicha, sukuma wiki au nyanya kwenye makopo ndani ya nyumba. Shida huja wakati wa masika, hasa Mei, mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa. Hewa hujaa unyevu, udongo haukauki, na kuvu hushambulia shina pale linapogusa udongo. Mche huanguka ghafla, na kopo zima huweza kufa kwa siku chache.

Kinga ya kwanza ni hewa. Fungua madirisha yanayotazamana ili upepo upite, na usibananishe makopo. Toboa kila kopo chini. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo na si kwenye majani, na pale tu udongo wa juu unapokauka. Maji yaliyotuama kwenye visahani yamwage: humo ndimo hutaga mbu wanaoeneza homa ya dengi.

Mche ulioanguka, ung'oe pamoja na udongo wake. Ukuta ukianza kuota ukungu, hamishia makopo barazani, kwa kuwa ukungu huo huwadhuru wenye pumu. Miche ikiendelea kufa, mwonyeshe afisa wa kilimo wa eneo lako.