Mficha Uchi Hazai: Ugumba ni Jambo la Wawili

Katika miji na vijiji vingi vya Tanzania, mwanamke akishajifungua mtoto wa kwanza hupata jina jipya. Jirani humwita Mama Asha au Mama Juma, muuza genge humwita hivyo, na mumewe naye huzoea. Yule ambaye mtoto amechelewa hubaki na jina lake la usichana, na kila anapoitwa mbele ya watu hukumbushwa kile kinachokosekana. Wengine humwazima jina la mtoto wa nduguye kwa kumhurumia, na huruma hiyo nayo huuma.

Chukua mfano wa mke na mume ambao hali yao, ijapokuwa si ya watu fulani, huonekana mara kwa mara katika kliniki za uzazi. Mke ana umri wa miaka 34 na ni fundi cherehani. Mume ana miaka 39 na ni dereva wa lori. Wameishi pamoja miaka sita. Mwaka wa kwanza mama mkwe aliuliza kwa utani. Kufikia mwaka wa tatu mawifi walikwishaacha utani. Mke amekunywa mizizi ya kusafisha kizazi, amekandwa tumbo, amepelekwa kwenye maombi, na mara nne amepewa dawa za kuua vijidudu bila kipimo kilichothibitisha maambukizi. Katika miaka yote hiyo mume hakupimwa hata mara moja. Hoja yake ilikuwa fupi: nguvu za kiume anazo.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Nguvu za kiume ni uwezo wa kufanya tendo la ndoa. Mbegu za kiume ni jambo jingine. Mwanaume mwenye afya njema na nguvu tele anaweza kutoa manii yasiyo na mbegu hata moja, na jicho haliwezi kulitambua hilo. Ni darubini pekee inayoweza. Katika takriban nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, tatizo la upande wa mwanaume huwamo, likiwa peke yake au pamoja na la mwanamke.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ugumba ni kutopata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana kimwili mara kwa mara bila kinga. Taarifa ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hukumbwa na hali hiyo wakati fulani maishani. Mke aliyefikisha miaka 35 hashauriwi kungoja mwaka mzima. Miezi sita inatosha. Sababu ni kwamba mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, na hayaongezwi. Idadi na ubora wake hupungua kadiri miaka inavyopita, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 35. Kwa hiyo miaka inayotumika kuzunguka kwa waganga haipotei bure tu. Hupotea na sehemu ya matumaini yenyewe.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Katika kliniki ya uzazi methali hiyo huchukuliwa kama ilivyo: wanandoa waje wote wawili, siku ya kwanza, nao waeleze yote. Daktari atauliza kuhusu mzunguko wa hedhi, mimba zilizoharibika, magonjwa ya zinaa ya zamani, upasuaji, pombe, sigara na dawa. Mwanaume asifiche kama amewahi kuchomwa sindano za homoni ya testosteroni ili kujenga misuli au kuongeza nguvu. Homoni hiyo ikitoka nje ya mwili huiambia korodani iache kazi, na mbegu huweza kutoweka kabisa. Kwa wengi hurejea baada ya kuacha dawa, lakini huchukua miezi.

Kipimo cha manii ni rahisi kuliko vingi atakavyofanyiwa mke. Mume hujizuia na tendo la ndoa kwa siku mbili hadi saba, hutoa sampuli katika chombo safi, na maabara huichunguza ndani ya saa moja: idadi ya mbegu, mwendo wake na umbo lake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja mbegu milioni 16 kwa mililita moja kuwa kiwango cha chini cha marejeo. Aliye chini ya hapo hajahukumiwa. Kipimo hurudiwa, kwa kawaida baada ya miezi mitatu hivi, kwa kuwa ndio muda ambao mbegu mpya huhitaji kukomaa.

Kwa upande wa mke, maswali makuu ni matatu: je, yai linapevuka, je, mirija iko wazi, na je, mji wa mimba hauna kasoro? Damu hupimwa homoni. Kipimo cha ultrasaundi huonyesha ovari na uvimbe. Picha ya eksirei iliyopigwa baada ya kupitisha dawa maalumu kwenye kizazi huonyesha kama mirija imeziba. Barani Afrika kuziba kwa mirija ni sababu yenye uzito mkubwa, na mara nyingi chanzo chake ni kisonono au klamidia isiyotibiwa, au maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika. Klamidia huweza kukaa mwilini bila dalili yoyote. Kijana anayetibiwa mapema leo, pamoja na mwenzi wake, huenda amejiepusha na machozi ya miaka kumi ijayo.

Matibabu hufuata chanzo. Yai lisipopevuka, vidonge kama letrozoli vinaweza kuliamsha. Uvimbe ulioingia ndani ya mji wa mimba huweza kuondolewa. Pale mirija yote miwili ilipoziba, au mbegu zilipo chache mno, hufikiriwa upandikizaji mimba, njia iliyomleta duniani Louise Brown huko Oldham, Uingereza, mnamo Julai 1978. Mke huchomwa sindano kwa siku 8 hadi 14 ili mayai kadhaa yakomae pamoja. Mayai hayo huvutwa kwa sindano inayoongozwa na ultrasaundi, hukutanishwa na mbegu maabara, na kiinitete hurudishwa kizazini baada ya siku tatu hadi tano. Tangu mwaka 1992 imejulikana pia namna ya kuingiza mbegu moja ndani ya yai moja, na wanaume wengi wenye mbegu chache wamepata watoto kwa njia hiyo.

Ni haki ya wanandoa kuelezwa ukweli kabla ya kuuza kiwanja. Hata nchini Uingereza, kwa wanawake walio chini ya miaka 35, takriban kiinitete kimoja tu kati ya vitatu vilivyopandikizwa huleta mtoto. Baada ya miaka 42 ni chini ya kimoja kati ya kumi. Sindano zinaweza kuzidisha kazi ya ovari hadi tumbo kujaa maji, na kurudisha viinitete vingi huleta mimba za mapacha zenye hatari kwa mama na watoto. Kituo kinachoahidi mtoto kwa hakika kiogopwe. Ni busara kukubaliana mapema ni mara ngapi mtajaribu na kwa fedha kiasi gani, ili uamuzi wa kuendelea au kusimama usifanywe siku ya kilio. Kusimama nako ni uamuzi halali. Wapo wanaoasili mtoto kwa utaratibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kupitia ofisi ya ustawi wa jamii, na wapo wanaoamua kuishi wawili.

Turudi kwa fundi cherehani na mumewe. Vipimo vikakuta mrija mmoja wa mke umeziba, na mbegu za mume ni chache. Safari yao ya matibabu ndiyo kwanza inaanza, na hakuna anayeweza kuwaahidi mwisho wake. Lakini jambo moja liko mikononi mwa mume leo hii, nalo halihitaji sindano wala shilingi. Ni kwenda kwa mama yake, kuketi naye na kumwambia: "Mama, tumepimwa sote wawili. Tatizo liko na kwangu pia. Naomba mke wangu asiulizwe tena. Mkitaka kuuliza, niulizeni mimi."