Mazembe Ikianza Vibaya, Tuchunge Amani ya Nyumba

Tangu Jumamosi tarehe 14 Desemba 2024, kwenye avenyu zetu za Kanyaruchinya na kati ya mahema ya wahami wa vita, swali lilikuwa moja: Mazembe ina nini mwaka huu? Wababa waliuliza, vijana waliuliza wakisukuma chukudu, hata watoto wadogo waliuliza wakiwa kwenye foleni ya maji. Sisi wamama tumelisikia swali hilo mpaka tukaona tuliweke kwenye gazeti letu la juma hili. Linaingia nyumbani, linakaa nasi wakati wa kula, na mara nyingine linakula fungu la mtoto.

Tuanze na mama asiyefuata mpira, naye apate kuelewa kinacholiwa na roho za watu wake.

Msimu wa 2024-25, Mazembe ya Lubumbashi ilicheza Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Iliwekwa katika kundi la ekipe nne: yenyewe, Yanga ya Tanzania, MC Alger ya Algeria na Al Hilal ya Sudan. Kila ekipe inacheza mechi sita, na mbili za kwanza ndizo zinazoingia robo fainali. Anayeshinda anapata pointi tatu, wakienda sare kila mmoja anapata moja, anayefungwa anarudi mikono mitupu. Tarehe 26 Novemba 2024, Mazembe ilikuwa nyumbani na MC Alger, ikatoka sare bila bao. Kisha Al Hilal ikaifunga 2-1. Ikabaki mechi ya Yanga, tena nyumbani Lubumbashi. Mazembe ilitangulia kwa penalti, watu wakaanza kupumua. Halafu, katika dakika za nyongeza, Prince Dube wa Yanga akasawazisha. 1-1. Mechi tatu, pointi mbili.

Mama aliyebeba bidoni la maji kutoka mbali, likamponyoka mlangoni pake na kumwagika lote, ataelewa bao la namna hiyo linavyouma.

Kwa nini linauma hivi

Baadhi yetu tulizoea kusema: ni mpira tu, watu ishirini na mbili wanakimbilia kitu kimoja. Tukiangalia vizuri, kuna zaidi ya hapo.

Mazembe ilianza mwaka 1939. Imechukua kombe kubwa la Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mwaka 2010 ilifika hata fainali ya klabu za dunia nzima, ikaifunga Internacional ya Brazil njiani, ikasimamishwa na Inter Milan ya Italia. Hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imefika hapo kabla yake. Wababa wengi walio nasi leo walikuwa vijana mwaka ule. Walishangilia wakiwa Rutshuru, Kiwanja, Rugari, Kibumba, kila mmoja katika kijiji chake, akiwa na shamba lake na mbuzi wake.

Vita vilipotusukuma huku mwishoni mwa mwaka 2022, kila mmoja alibeba alichoweza: mtoto mgongoni, godoro kichwani, sufuria mkononi. Shamba halibebeki. Nyumba haibebeki. Ekipe ya mpira inabebeka, haina uzito. Baba ambaye kijijini aliombwa shauri na majirani, leo anapanga foleni akiwa na jetoni mkononi kusubiri unga. Siku ya mechi, wenzake wanamuuliza tena: mzee, unaonaje? Naye anajibu, na watu wanasikiliza. Kwa hiyo Mazembe ikitetereka, kuna kitu ndani yake kinatetereka pia. Mama anayelijua hilo hatamcheka mume wake wala kumzomea mtoto wake. Ni hivyo hivyo kwa wale wa Virunga na Dauphins Noirs za hapa Goma, na wale wanaopenda ekipe za Ulaya.

Huzuni hiyo basi tuiheshimu. Lakini kuheshimu huzuni ya mtu si kumwachia akuvunjie nyumba.

Ekipe iliyohama kama sisi

Watoto wetu wamejifunza jina la Al Hilal kwa machozi. Tuwaambie pia habari yake, kwa sababu inatuhusu.

Al Hilal ni ya Omdurman, mji ulio ng'ambo ya mto kutoka Khartoum. Tangu tarehe 15 Aprili 2023, Sudan iko vitani, na haiwezekani kucheza mpira kule. Wachezaji walihama. Msimu wa 2024-25 walicheza mechi zao za nyumbani Mauritania, upande mwingine wa Afrika, na huko walipokelewa hata katika ligi ya nchi ile. Hawakuwa na uwanja wao wala mashabiki wao karibu. Na bado walikwenda Dar es Salaam wakaifunga Yanga 2-0, kisha wakaifunga Mazembe. Mechi mbili za kwanza, pointi sita.

Mtoto aliyezaliwa hemani au aliyekulia hemani anasikia kila siku maneno ya kumpunguza. Mwambie kwamba ekipe iliyoisumbua Mazembe ni ekipe ya wahami. Atafikiri mwenyewe.

Mwanzo mbaya tumeuona

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2024, Léopards zetu zilikuwa Côte d'Ivoire kwenye Kombe la Afrika. Zikaenda sare na Zambia 1-1, sare na Maroko 1-1, sare na Tanzania bila bao. Mechi tatu bila ushindi hata mmoja, na watu hapa walikuwa wameanza kuwatukana wachezaji. Kisha wakaitoa Misri kwa penalti, na penalti ya mwisho ilipigwa na kipa, Lionel Mpasi. Wakaifunga Guinea 3-1. Wakafika nusu fainali. Ni pale, tarehe 7 Februari, wakati wa wimbo wa taifa, walipofunika midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole kwenye kichwa kama bunduki, ili dunia ione mauaji ya huku kwetu mashariki. Tulilia wengi siku ile, hata sisi tusiojua sheria ya kuotea.

Waliotufunga siku hiyo, Côte d'Ivoire wenyewe, walikuwa wameanza vibaya kutupita. Walifungwa 4-0 nyumbani kwao na Guinée ya Ikweta, wakamfukuza kochi katikati ya mashindano, wakapita kwa kuponea chupuchupu. Ndio waliochukua kombe.

Hata Mazembe yenyewe. Mwaka 2023, katika Kombe la Shirikisho, ilimaliza ya mwisho katika kundi lake, ikiwa na pointi tatu, na Yanga iliifunga nyumbani na ugenini. Msimu uliofuata ikafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na kuchukua ubingwa wa Congo.

Hatukusema kwamba safari hii itapita. Zilikuwa zimebaki mechi tatu: Yanga kule Dar es Salaam tarehe 4 Januari 2025, MC Alger kule Algeria, na ya mwisho Lubumbashi na Al Hilal. Iliweza kupita, iliweza kubaki. Tunachosema ni kwamba ekipe ina msimu mwingine unaokuja. Pesa ya unga ikishaliwa na pari haina msimu mwingine.

Pari: hapo ndipo nyumba inapobomoka

Tuseme wazi. Kinachotuumiza wamama kuliko kufungwa kwa Mazembe ni pari. Katika kikundi chetu kimoja cha AVEC, mama mmoja alikosa kununua hisa juma lile. Pesa aliyoipata kwa kuuza makala ilichukuliwa na kijana wake, akaiweka kwenye Mazembe. Alikuwa na hakika: Mazembe, nyumbani, mbele ya watu wake, itashindwaje? Kumbuka, wakati ule Mazembe ilikuwa imecheza nyumbani mara mbili na kutoka sare mara mbili. Aliyeweka pesa kwenye ushindi wake alipoteza mara zote mbili, ingawa ekipe haikufungwa.

Vijana wengi hawachagui mechi moja. Wanachagua tano, sita, kwenye tikiti moja, kwa sababu karatasi inaahidi pesa nyingi. Fanya nao hesabu hii kwa mbegu za maharage, wataielewa upesi. Mechi moja ina matokeo matatu: huyu anashinda, yule anashinda, au sare. Mechi mbili pamoja zina njia tisa za kumalizika. Tatu zina 27. Nne zina 81. Mechi tano zina njia 243. Tikiti ya kijana ni mbegu moja kati ya mbegu 243. Atakuambia kwamba yeye anaujua mpira, hachagui kwa kufumba macho. Ni kweli, lakini mwenye kazi ya pari naye anaujua, tena zaidi yake. Ndiyo sababu ekipe yenye nguvu inalipwa kidogo, na ekipe inayolipa sana ni ile ambayo karibu kila mara inafungwa. Na mechi moja tu ikikataa, tikiti nzima ni karatasi ya kuwashia moto.

Ubaya mwingine: aliyepoteza anataka kurudisha. Mia tano ya jana inaita elfu ya leo. Mtoto anaanza kwa sarafu ya kununua mandazi, anaendelea na simu ya mama yake. Tusingoje mpaka sufuria iuzwe.

Ile Mazembe nyingine

Kuna habari ambayo wababa wameisahau haraka, nasi hatutaisahau. Tarehe 23 Novemba 2024, siku tatu tu kabla ya sare ile na MC Alger, Mazembe ya wanawake ilicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika kule Maroko, mbele ya AS FAR, ekipe ya huko huko. Ikashinda 1-0. Marlène Kasaj ndiye aliyefunga, kwa penalti. Ni mara ya kwanza klabu ya wanawake ya Congo kuchukua kombe hilo. Kochi wao wakati ule alikuwa mwanamke pia, Lamia Boumehdi wa Maroko.

Kwa hiyo mtu akikuambia Mazembe haina kitu mwaka huu, muulize: Mazembe ipi? Na msichana wako akiomba kucheza na kaka zake ule mpira wa sacheti na kamba, juu ya mawe haya ya volkano yanayochubua magoti, usimrudishe upesi kwenye vyombo. Vyombo vitaoshwa, na kaka naye ana mikono.

Tulivyokubaliana

Katika mkutano wetu wa juma lililopita tulizungumza haya, na tunayaleta kwenye vikundi vingine myajadili.

Kwanza, pesa ya chakula, ya shule na ya AVEC itengwe kabla ya siku ya mechi, isikae kwenye simu ambayo kila mtu anajua namba yake ya siri. Mama awe nayo, au iwe tayari kwenye sanduku la kikundi.

Pili, mtoto chini ya miaka 18 asiingie nyumba ya pari, hata kama anatumwa na baba yake. Tumeomba wakubwa wa avenyu watusaidie kwa hili.

Tatu, mechi ya usiku isiwatoe watoto nje. Redio moja inatosha majirani watano. Wenye redio waikaribishe avenyu, na wasikilizaji wachangie mawe ya redio. Tumejaribu, na kelele za furaha zilikuwa zile zile.

Nne, kufungwa kwa ekipe si sababu ya kuinua mkono. Mwanaume anayempiga mke au mtoto kwa sababu ya mpira hana shida ya mpira. Mama aliyepigwa asinyamaze akingoja Mazembe ishinde. Aje kwa viongozi wa kikundi, mchana au usiku. Hatutamuuliza alisema neno gani baya, na tutamsindikiza kwenye kituo cha afya.

Tano, baada ya kufungwa, mpe mtu wako nafasi ya kukaa kimya kidogo. Kisha mpe kazi ya mikono: kufunga hema linalovuja, kupasua kuni, kumwogesha mtoto. Wamama waliojaribu wanasema inasaidia kuliko maneno.

  Wamama wenye redio waandikishe majina kwa katibu wa kikundi kabla ya siku ya mechi, ili tujue kila avenyu itasikilizia wapi. Sombe tutapika mapema, kabla mechi haijaanza, ili ikienda vizuri au vibaya watoto wawe wameshakula.